KARANI WA MAAFA NA DAFTARI LA WANANCHI

Limejengeka miongoni mwetu wazo kwamba kupambana na maafa ni kazi ya watu wa aina mbili tu: wenye sare wanaokwenda kuokoa, na viongozi wanaokwenda kutoa pole. Magazeti yanawapiga picha hao. Risala zinawataja hao. Hata madarasa ya siasa, yanapofika kwenye somo la dola na ulinzi wa maisha ya raia, huwazungumza hao hao. Mtu wa tatu hatajwi. Huyu ni msaidizi wa kazi za utawala, ambaye wananchi wa vijijini bado wanamwita karani: anayepokea taarifa, anayefungua jalada, anayeandika majina, anayechapa muhtasari wa kamati, anayehesabu magunia yanapoingia ghalani na yanapotoka. Makala hii inamhusu yeye, na mfano wetu ni Wilaya ya Ikungi mkoani Singida. Tumeichagua Ikungi kwa sababu afa kubwa la nchi kame kama ile halipigi kelele. Ukame hauna king'ora.

Tuanze na sheria, maana uhakiki wa kazi ya Serikali usioanzia kwenye sheria huishia kuwa masengenyo. Tangu mwaka 1990 nchi yetu imekuwa na sheria tatu za maafa. Ya kwanza, Na. 9 ya mwaka huo, ilihusu kuratibu misaada, na chombo chake kikuu kilikuwa kamati ya kitaifa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Fikra yake ilikuwa rahisi: afa linatokea, msaada unatafutwa, wakubwa wanauratibu. Ya pili, Na. 7 ya mwaka 2015, iliongeza suala la kujiandaa kabla ya afa, ikaunda Wakala. Ya tatu, Na. 6 ya mwaka 2022, iliifuta hiyo ya pili na kuweka kamati ngazi kwa ngazi, kutoka taifa, mkoa, wilaya na kata hadi kijiji na mtaa. Kwa jumla safari hii ya miaka 32 ni safari ya kuteremka kutoka makao makuu kwenda kwa umma, na mwelekeo huo ni sahihi. Anayeubeza hajui tulikotoka.

Hata hivyo lugha ya sheria hizi ni lugha ya viti. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna wajumbe, kuna mamlaka ya huyu na wajibu wa yule. Hatudai kwamba Bunge lingemtaja kila mfanyakazi kwa cheo chake. Hilo haliwezekani wala halina maana. Tunachosema ni kwamba kamati ni watu wanaokutana na kuachana. Mkuu wa Wilaya ana vikao vingine saa nane. Mganga mkuu anarudi hospitali. Afisa kilimo anapanda pikipiki. Kinachobaki mezani baada ya wote kuondoka ni karatasi, na mtu mmoja aliyeketi nayo. Uwezo wa kamati kutenda kesho yake unategemea kile alichokiandika yule mtu leo. Sasa tujiulize: nani alimfundisha? Nani anamsimamia? Na anaamini kwamba anamwandikia nani?

Ikungi ni wilaya changa, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka iliyokuwa Wilaya ya Singida Vijijini. Makao yake yako kwenye barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Singida, mahali ambapo basi na lori hupita usiku na mchana. Lakini sehemu kubwa ya wananchi wake hawaishi barabarani. Upande wa magharibi nchi inateremka kuelekea bonde la Wembere, na huko masika yakishika ni tope. Mvua ni za msimu mmoja. Mkulima wa mtama, uwele na alizeti anapanda kati ya Novemba na Januari, halafu anaiangalia Februari kwa wasiwasi. Mvua ikikatika Februari, wakati mtama unataka kutoa masuke, mwaka umekwisha hata kama mbingu zitafunguka tena Aprili. Huo ndio mwanzo wa afa. Hakuna jengo lililoanguka wala aliyepiga simu ya dharura. Kuna mabua tu, na mama aliyeanza kupika mara moja kwa siku.

Habari hiyo inafikaje wilayani? Inapanda ngazi. Mwenyekiti wa kitongoji anamwambia mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kijiji anamwandikia mtendaji wa kata, na wa kata anaandika wilayani, siku hizi mara nyingi kwa kupiga picha karatasi na kuituma kwa simu ya kiganjani. Taarifa hizi zikifika kwa karani zinakuwa kama lugha kumi za watu kumi. Kijiji kimoja kimeandika idadi ya kaya zisizo na chakula. Cha pili kimeandika idadi ya watu. Cha tatu kimeandika ekari zilizonyauka na kusahau watu. Cha nne kimeandika kwamba hali ni mbaya sana, basi. Kazi ya karani ni kuyageuza yote hayo kuwa jedwali moja litakaloletwa mbele ya kamati, na jedwali hilo ndilo litakalopanda mkoani, na pengine hadi kwa wenye ufunguo wa maghala ya hifadhi ya Taifa ya chakula.

Wengi wetu huiita kazi hiyo ya mikono: kunakili, kujumlisha, kuchapa. Hilo ni kosa la nadharia kabla halijawa kosa la utendaji. Kile kijiji kilichoandika tu kwamba hali ni mbaya, karani atakijazia tarakimu gani? Akiweka sifuri, watu wale wametoweka katika hesabu za Serikali. Akikisia, amedanganya. Akipiga simu kumtafuta mtendaji ambaye yuko nje ya mtandao, na kusubiri siku tatu, amechelewesha vijiji vingine vyote. Uamuzi huo unafanywa kwenye meza ya mtu wa ngazi ya chini kabisa, saa kumi na moja jioni, bila kikao wala kura. Aliye na uamuzi wa namna hiyo mkononi ana madaraka, hata kama kwenye kikao huwa anatumwa kuleta chai.

Tumeona katika nchi hii jinsi daftari linavyoweza kuwa la kitabaka. Mnamo tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, na orodha hiyo peke yake ilionyesha watu 443, yaani meli ilikuwa imekwisha kujaa kabla ya kumhesabu mtu mmoja wa daraja la tatu. Na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo sababu mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa tofauti kubwa, kuanzia mia tano na kitu hadi karibu 1,000. Tuliangalie jambo hili kwa macho ya siasa. Mwenye nauli kubwa alipozama, jina lake lilibaki nchi kavu. Aliyelipa nauli ndogo, mkulima mwenye mkungu wa ndizi na mama mwenye mtoto mgongoni, alizama pamoja na jina lake. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuwabagua. Ubaguzi ulikuwa ndani ya utaratibu wa kawaida wa ofisi, katika wazo kwamba tiketi ya bei nafuu haihitaji jina. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, ndugu wa abiria walijikuta tena wakiuliza swali lile lile: walipanda wangapi?

Wapo watakaosema kwamba meli na njaa ni vitu viwili mbali. Mbali kwa sura, lakini swali ni moja: nani ameandikwa? Mchumi Amartya Sen wa India, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa, aliichambua njaa ya Bengal ya mwaka 1943, ambayo iliua mamilioni ya watu. Alionyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza vifo vile. Waliokufa walikuwa hasa vibarua wa mashambani na wenzao ambao mapato yao yalishindwa kununua mchele uliokuwapo. Walikosa njia ya kudai chakula. Somo hili linatuhusu moja kwa moja. Lori la mahindi likishafika kijijini, njia ya maskini ya kulidai ni jina lake katika daftari. Asiyeandikwa yuko katika hali ile ile ya kibarua wa Bengal: chakula kipo, anakiona, na hakimhusu.

Hapa ni lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu wananchi wetu hawakulijua daftari kwanza kama rafiki. Daftari la kwanza la Serikali kuingia katika nyumba za Singida lilikuwa la kodi. Mjerumani aliandika nyumba ili atoze. Mwingereza aliyemfuata akaandika vichwa ili atoze. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na vita vilipotulia ukame ukaikuta nchi ya kati imekwisha kupokonywa akiba yake. Majirani wa Ikungi, Wagogo, waliipa njaa ile jina la Mtunya. Karani wa kikoloni alikuwa mkono wa kuchukua. Mzee anayesitasita leo kutaja idadi ya mbuzi wake mbele ya kijana mwenye kalamu si mjinga, wala haficha mali kwa ubinafsi tu. Amerithi akili iliyowaokoa babu zake. Karani asiyeifahamu historia hii atamwona mzee huyo mkaidi na atamwandika vibaya.

Mbele ya miaka ya 1970 hali ilikuwa imegeuka. Ukame wa 1973 na 1974 ulipoibana nchi, Serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo, na ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wakati ule Chama kilikuwa na balozi wa nyumba kumi. Uzuri wa balozi kama mtunza orodha ulikuwa katika udogo wa orodha yake: nyumba kumi anazijua kwa majina, anajua nani amezaa, nani amefiwa, nani ana mgeni. Ofisi ya wilaya haiwezi kuwa na ujuzi kama huo hata ikipewa mashine mpya kila mwaka. Tunaukumbuka utaratibu ule kwa heshima, lakini tuseme wazi kwamba hauwezi kurudishwa kama ulivyokuwa. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ni ya vyama vingi, na balozi ni kiongozi wa chama kimoja. Chakula cha maafa ni mali ya umma. Kada yeyote anayefikiri kwamba orodha ya wenye njaa ianze na wenye kadi anaudhuru umma na anakidhuru Chama kwa pamoja, na karani mwenye msimamo anapaswa kuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo, kwa adabu, na kuandika jina la mwenye njaa bila kumuuliza kadi. Kilicho halali kuchukuliwa kutoka enzi ile ni kipimo: orodha iandikwe karibu na mlango wa mtu. Leo mahali pake ni kitongoji.

Sasa tuingie ndani ya orodha yenyewe. Tuchukue kijiji cha mfano chenye kaya 500 kilichopata tani sita za mahindi. Karani anapiga hesabu: kilo 6,000 kwa kaya 500, kila kaya kilo 12. Hesabu ni safi, wajumbe wanapiga makofi kwa sababu kila mtu amepata sawa. Lakini kipimo kinachotumika sana duniani katika misaada ya chakula ni kama gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku. Kwa kipimo hicho kaya ya watu watatu imepata chakula cha siku kumi. Kaya ya watu tisa imepata cha siku tatu na kidogo. Usawa huu wa karatasi ni dhuluma tumboni. Karani aliyeandika safu moja tu, ya jina la mkuu wa kaya, hawezi kuliona jambo hili hata akitaka. Aliyeandika safu ya pili, ya idadi ya walaji, analiona mara moja. Tofauti kati ya haki na dhuluma hapa ni mstari mmoja wa kalamu na rula.

Na kaya ni nini? Tunalitumia neno hili kana kwamba Mungu ndiye aliyeliweka. Harold Schneider, aliyeandika mwaka 1970 juu ya uchumi wa Wanyaturu, alieleza boma ambamo kila mke ana nyumba yake na sehemu yake ya mashamba. Katika boma la namna hiyo mume mmoja ana majiko mawili au matatu. Mahali ambapo ndoa za mitala bado zipo, orodha inayomwandika mume kama mkuu wa kaya imeyafanya majiko matatu kuwa moja, na gunia litashuka kwenye mlango mmoja. Nani atagawa kutoka pale? Mume, kwa busara yake au kwa upendeleo wake. Mke mdogo na watoto wake wametegemezwa kwenye moyo wa mtu badala ya haki yao. Ikiwa tunasema siasa yetu inamtetea mwanamke wa kijijini, basi utetezi huo utapimwa hapa, kwenye swali ambalo karani analiuliza mlangoni: akiuliza jina la baba mwenye nyumba tu, amepotea, akiuliza majiko ni mangapi na kila jiko linalisha wangapi, amefika.

Tumesema mengi mazuri juu ya karani. Haki inadai tuseme na ya upande wa pili. Karani ni mfanyakazi, lakini anaweza pia kugeuka kuwa mrasimu mdogo, na mrasimu mdogo wakati wa njaa ni mtu wa hatari kuliko mkubwa, kwa sababu yuko karibu. Silaha zake zinajulikana: jalada halionekani, bosi hayupo, njoo kesho, umeandika kwa kalamu nyekundu, rudi kwa mtendaji akugongee muhuri. Kila moja ya maneno haya humgharimu mwananchi wa Mgungira au Iyumbu siku nzima ya safari na nauli asiyokuwa nayo. Katika siku za kawaida huo ni usumbufu. Katika afa ni mlo wa watoto. Wapo pia wanaojua kwamba jina linaweza kuongezwa usiku na kufutwa asubuhi, na kwamba chai ndogo huusaidia wino kukauka. Hatutaki kuficha jambo hili kwa kuwa tunamtetea mnyonge wa ofisini. Unyonge wake haumpi ruhusa ya kumwonea aliye mnyonge zaidi.

Lakini tabia hii inatoka wapi? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulimkemea kiongozi mwenye majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani walikitumia kifungu hicho kudai heshima kazini. Kifungu kile kingefaa kusomwa upya leo katika ofisi zinazoshughulikia maafa. Angalia afa linapotokea: maofisa wanakwenda kwenye eneo kwa magari na kwa posho ya safari, na ni halali yao. Karani anabaki ofisini mpaka saa nne usiku akipokea simu na kupanga majina, na mara nyingi hakuna fungu linalojua kwamba alibaki. Kwenye kikao cha tathmini anaandika kila neno la kila mtu, na hakuna anayemuuliza yeye ameona nini, ingawa ni yeye peke yake aliyezisoma taarifa zote za vijiji vyote. Anaitwa binti hata akiwa na wajukuu. Mtu anayedharauliwa juu hutafuta wa kumdharau chini, na chini yake amebaki mkulima tu. Urasimu wa dirishani una mzizi kwenye chumba cha mikutano.

Yapo mawazo mawili potofu juu ya dawa. La kwanza linasema kompyuta itamaliza kila kitu. Tunaikaribisha kompyuta, jedwali lililo ndani yake linajumlishwa kwa dakika na halichanwi na panya. Ila mashine ikipewa safu moja ya wakuu wa kaya itahifadhi dhuluma ile ile kwa usahihi mkubwa zaidi, na kuifikisha makao makuu kabla ya jua kuchwa. Wazo la pili linasema tatizo ni maadili tu, hivyo karani ahubiriwe. Mahubiri hayaelezi kipimo cha gramu 400. Lenin, katika maandishi yake ya mwisho ya mwaka 1923, akiwa mgonjwa na akiwa na maswali makubwa ya dunia mbele yake, alitumia nguvu zake zilizobaki kuzungumzia ofisi za Serikali, ukaguzi, na watu wachache wenye ujuzi wa kweli wa kazi za utawala. Wapo waliomwona mzee amepungukiwa na hoja. Sisi tunaona alikuwa amefika kwenye kiini: dola ya wakulima na wafanyakazi inayoendeshwa kwa makaratasi ya kibwana itabaki ya kibwana.

Mkoa wa Singida una nafasi nzuri ya kulishughulikia jambo hili, kwa kuwa Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi pale Singida mjini, na vijana wanafundishwa utunzaji wa kumbukumbu na kazi za uhazili. Hapo pangekuwa mahali pa kufundisha kazi ya daftari la maafa kwa ukamilifu wake: namna ya kupokea taarifa za vipimo tofauti na kuzioanisha bila kubuni, namna ya kuandika "haijapokelewa" badala ya sifuri, namna ya kufunga leja ya ghala kila jioni mbele ya shahidi, namna ya kumhoji mwenye hofu. Neno hilo moja, "haijapokelewa", lina thamani kuliko semina nyingi. Linamlazimu mwenyekiti wa kamati aulize kwa nini, na linamtuma mtu kwenye pikipiki.

Kuhusu nidhamu ya orodha, tuna chombo ambacho tayari kipo katika sheria tangu mwaka 1982, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Orodha isomwe pale kwa sauti, jina kwa jina, kabla haijasainiwa. Kijiji kinajua nani ana ghala limejaa, na nani ameandikwa wakati alihamia Manyoni mwaka juzi. Tumesikia hoja kwamba kusoma majina ni kumfedhehesha maskini, na kwamba sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hoja hii tunaiheshimu. Ugonjwa wa mtu, dawa anazotumia, ugomvi wa ndani ya ndoa, hayo hayana sababu ya kuwa kwenye karatasi ya mkutano, na karani anayeyaandika pale amekosa akili na amevunja heshima ya mtu. Lakini jina, kitongoji, idadi ya walaji na kilo alizopangiwa haviwezi kuwa siri katika ugawaji wa mali ya umma. Njaa ya jirani haijawahi kuwa siri Unyaturu; iliyo siri ni orodha, na wanaopenda ibaki siri si wenye njaa.

Linabaki swali la wasio na kijiji. Ikungi ya leo si ile ya 1975. Mang'onyi kuna mgodi mkubwa wa dhahabu uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023, na dhahabu huvuta wachimbaji wadogo wa kila kabila, ambao wengi wamepanga vyumba na majina yao yako katika madaftari ya vijiji vya mbali. Katika nyanda za Wembere wapo wafugaji wanaofuata majani na maji. Mwezi Desemba 2023, katika Wilaya ya Hanang, maporomoko ya tope kutoka mlimani yaliukumba mji wa Katesh alfajiri na kuua watu zaidi ya 80. Mji ule ni wa biashara, wenye wapangaji na wapita njia, na katika mji wa namna hiyo aliyelala chumba cha kupanga usiku ule anapaswa kuwa na mahali pa kuandikwa sawa na mwenye nyumba. Mchimbaji akifukiwa shimoni, daftari la mkazi halitasema alikuwa chini. Linalosema ni daftari la zamu, kama lipo, lililoachwa juu kwa mtu asiyeshuka. Viongozi wa machimbo walazimishwe kuwa nalo, na karani wa maafa awe na nakala ya namba zao za simu kabla ya masika.

Msimamo wetu ni kwamba mtu aandikwe mahali alipokutwa na afa. Mfugaji aliyefika Wembere jana na ng'ombe wanaokufa aandikwe na kijiji kilichomkuta, kwenye ukurasa wake wa wageni, akiwa na idadi ya walaji wake kama wengine. Kutakuwa na manung'uniko, kwa sababu chakula ni kidogo na wenyeji watasema wageni wanakula haki yao. Karani hawezi kuubeba ugomvi huo peke yake dirishani; hiyo ni kazi ya wajumbe wa kamati, na ndiyo sababu sheria imewapa viti. Waupeleke mkutanoni, waumalize huko mchana kweupe, na mkutano ukifungwa daftari lisainiwe na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na karani, nakala moja ikabidhiwe kijiji kabla gari la wilaya halijaondoka.